Nyuzi za Gitaa la Taratibu

Nyumbani, 4 Machi

Baba mdogo, shikamoo.

Sisi tupo. Mama anakula, si sana, lakini anakula. Asubuhi anafagia chumba cha mbele, na jioni anakifagia tena hata kama hakuna aliyeingia. Simwulizi. Mimi naenda kazini na kurudi. Dukani wamenihamishia kwenye mashine ya kusaga lenzi, kwa hiyo siongei na wateja tena, isipokuwa siku ambayo mpimaji wa macho hayupo. Inanifaa. Maji yanatiririka juu ya jiwe, lenzi inalika polepole, na hakuna anayekutaka useme kitu.

Watu bado wanakuja kutupa pole, ingawa wamepungua. Kwanza wananitazama machoni. Nadhani wanatafuta kama nimelia. Nawaletea maji ya kunywa.

Siku ya mazishi ya baba hatukukuona. Mama alikuwekea kiti.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Kiongozi wa bendi ya baba, yule mpiga tarumbeta mnayemwita Meja, alikuja wiki iliyopita. Alikaa, akakataa maji, akaangalia gitaa la baba lililotundikwa ukutani.

"Binti Taratibu," akasema, "kile kiti cha ridhimu kimekaa kitupu mpaka mpiga ngoma anatundikia koti. Ukumbi unafunguliwa tena mwezi wa tisa, matengenezo yakiisha. Unakalia au hukalii?"

Nikamwambia mimi napiga nyumbani tu, nilifundishwa na baba jikoni.

"Na yeye alifundishiwa wapi? Ikulu?"

Nisipokalia, ataweka jamaa wa kinanda. Nimekubali, ila kwa sharti moja ambalo sikumwambia yeye, nakwambia wewe: nataka gitaa lisikike kama lilivyosikika mikononi mwa baba. Likikataa, kinanda kichukue kiti na gitaa tutalifunika shuka.

Nyuzi zake zimeota kutu. Miezi ya mwisho hakuligusa. Wewe ndiye uliyekuwa ukimtumia nyuzi kwa posta, na pakiti alizitupa kama alivyotupa kila kitu. Zilikuwa nyuzi gani? Nimepiga simu kwa jirani yenu mara mbili. Anasema umetoka.

Mpe mama mdogo salamu, na pole ya goti.

Mwanao.


29 Machi

Bi Lenzi, mwanangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mama yako mdogo anakusalimu. Goti lake limegoma, yeye mwenyewe hajagoma, kwa hiyo wanabishana kutwa. Mimi ni mzima. Gazeti bado linanivumilia. Juzi kwenye safu yangu nilimshughulikia yule mtangazaji anayesema muziki wa dansi umekufa. Nimemwambia kilichokufa ni redio yake, na harufu tunaisikia mpaka huku. Amejibu. Nitamjibu. Ugomvi ndio unaonifanya nivae viatu asubuhi.

Safari haikuwezekana. Mwambie shemeji.

Na usipige simu kwa jirani. Simu ni chombo cha watu ambao hawajui wanachotaka kusema mpaka wawe wameshakisema. Andika.

Haya, nyuzi. Nianze na maadui. Ukiingia duka lolote la vyombo vya muziki utakutana na kijogoo mmoja nyuma ya kaunta atakayekwambia, "Dada, nyuzi ni nyuzi." Mtu huyo mwulize kama viatu ni viatu, halafu mvalishe vya mkewe atembee navyo mpaka kituoni.

Gitaa la baba yako si lile sanduku la kifua bapa wanalopigia nyimbo za kuota moto. Kifua chake kimechongwa kikabinuka kama mgongo wa kijiko, kina matundu mawili marefu yaliyojipinda, kila moja upande wake. Mbao hiyo haiamki kwa kubembelezwa. Nyuzi nyembamba zinaikuna tu. Inataka nyuzi nene, zenye uzito wa kukisukuma kifua kikapumua. Na uzi wa tatu uwe umezungushiwa waya kama wenzake walio chini yake. Wakikuuzia wa tatu mtupu, bila waya, rudisha, na urudishe kwa sauti.

Zaidi ya yote ziwe bapa. Nyuzi nyingi huzungushiwa waya wa duara, ndiyo maana zina matuta, na kidole kikihama zinalia kama panya aliyebanwa mlangoni. Vijana wanaita hiyo sauti ya kung'ara. Mimi naiita panya. Nyuzi bapa zimezungushiwa waya uliopigwa ukawa kama utepe. Kidole kinateleza, hakuna kilio, na sauti inatoka, inakaa kidogo, inaondoka yenyewe bila kufukuzwa. Baba yako hakutumia nyingine tangu tukiwa vijana, yeye na ridhimu yake, mimi nyuma yake na besi. Waliomwita Taratibu walidhani ni tabia. Nusu yake ilikuwa nyuzi.

Kiwanda kilichokuwa kikitengeneza zile nilizomtumia kimefungwa. Tutatafuta zilizo jirani nazo.

Sikiliza hapa, hili ndilo kubwa kuliko yote. Kile kidaraja kinachobeba nyuzi juu ya kifua hakijagundishwa. Kinasimama kwa sababu nyuzi zinakikandamiza, basi. Ukitoa nyuzi zote pamoja kinaanguka, na mahali pake panapotea. Kikihama upana wa ukucha, gitaa zima linasema uongo. Toa uzi mmoja, weka mmoja. Mmoja, mmoja!

Natumaini hujagusa kitu.

Baba yako mdogo.


Nyumbani, 11 Aprili

Baba mdogo, shikamoo.

Sijapata jibu lako. Posta hapa imekuwa na matatizo, wanasema mifuko imekaa mahali fulani. Naandika tena nisije nikaonekana nimenyamaza.

Mama yupo. Shangazi alikuja kukaa naye siku chache, akapanga upya vyombo vya jikoni, akaondoka. Sasa hatuoni kitu tukikitafuta. Tunakula kwa vijiko vya chai.

Jumapili nilishusha gitaa ukutani nikalitoa nyuzi zote. Kutu ilikuwa inachafua kidole. Vigingi vya kukazia vilikuwa vigumu, kwa hiyo nilizikata kwa koleo ya kazini, ile ya kukatia fremu za waya. Zilikatika kwa kishindo. Wa mwisho ulipokatika kile kibao cha katikati kikaanguka sakafuni. Nilidhani kimevunjika, lakini hakikuvunjika, hakikuwa kimeshikwa na kitu. Nikafuta kifua chote kwa kitambaa chenye maji, mpaka kikang'aa.

Nilifikiri nikizitoa nyuzi za baba nitasikia kitu fulani. Nilisikia kibao kikianguka.

Nimekiweka mfukoni mwa aproni. Naenda nacho kazini. Mwenye duka amenikuta nakigeuzageuza akaniuliza ni nini, nikamwambia kipande cha gitaa. Akasema, "Kirudishe kwenye gitaa." Nikamwambia sawa.

Niambie nyuzi.

Mwanao.


2 Mei

Mwanangu,

Umefanya nini? Umefanya NINI?

Barua yako imefika kabla ya yangu kukufikia, nadhani, na posta ya nchi hii nitaishughulikia wiki ijayo kwa aya sita. Umekata nyuzi zikiwa zimekazwa! Kwa koleo ya miwani! Halafu ukaliogesha! Wewe mwenyewe ukimwona mteja anafuta lenzi kwa mchanga utamfanya nini? Mama yako mdogo ameniona nasimama nakaa nasimama, akadhani ni tumbo.

Basi. Nimekunywa chai. Turudi kazini.

Rangi ya kifua hufifia kwa mwanga miaka na miaka, lakini chini ya miguu ya kidaraja mwanga haufiki. Kwa hiyo mahali pake pameandikwa juu ya mbao yenyewe, kama hukupaogesha mpaka pakafutika. Kaa dirishani asubuhi, liinamishe gitaa, utazame kwa ubavu. Utaona nyayo mbili zenye rangi iliyokolea zaidi. Wewe unaona makosa ya lenzi ambayo mtu mwingine haoni, hili halitakushinda. Weka miguu ndani ya nyayo. Ukishafunga nyuzi, gusa kila uzi kidogo tu juu ya chuma cha kumi na mbili, katika vile vyuma vinavyokatiza shingo, usiubane, uupige. Halafu ubane palepale uupige tena. Sauti mbili ziwe moja. Zikitofautiana, sogeza mguu kidogo, na kidogo maana yake ni kidogo.

Nimekufungashia pakiti tatu, zitakuja kwa kifurushi. Ya kwanza ni bapa, nene. Ya pili ni za duara. Nimeona aibu kuzinunua, nimemwambia mwuzaji ni za adui. Ya tatu ni za katikati: zilizungushiwa waya wa duara, kisha zikasuguliwa matuta yakapungua. Ni nyuzi za watu wasiopenda kugombana, lakini usizidharau kabla ya kuzijaribu. Jaribu zote. Mkono wako utakuambia. Usitegemee sikio tu, sikio ni mbea. Weka kiganja ubavuni mwa gitaa upige uzi wa sita, usikilizie mbao.

Hizo za zamani hukuzitupa, natumaini.

Shemeji anakula?

Baba yako mdogo.


Nyumbani, 20 Juni

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako ya Machi na ya Mei zimefika siku moja. Nilisoma ya Machi kwanza. "Mmoja, mmoja." 

Kifurushi pia kimefika, kimefunguliwa na watu wa forodha na kufungwa tena kwa gundi nyingi. Nyuzi zipo zote. Asante.

Mama anakula. Meja alikuja kuangalia kama nafanya mazoezi. Alinikuta nasonya kwa kigingi kilichokwama. Akasema, "Hapo umeshafanana na baba yako." Alikaa mpaka mama akamfagilia miguuni.

Nyayo nimeziona. Nililishika gitaa dirishani kama ulivyosema na zikatokea, mbili, nyeusi kidogo kuliko pengine. Niliweka kidaraja. Mguu wa upande wa nyuzi nene haukai sawasawa na mwenzake, umerudi nyuma, nikauacha hivyohivyo kwa sababu ndivyo alivyokuwa ameuacha yeye. Chuma cha kumi na mbili kikakubali karibu mara moja.

Nyuzi za zamani sikuzitupa. Nimezikunja, ziko kwenye kopo la vifungo vya shati.

Halafu nimejaribu pakiti zote tatu, kila moja siku kadhaa. Ndipo ninapokwama, na sitaki kukudanganya. Zote ni nyuzi. Nasikia kwamba zile za duara zinalia kidole kikihama, na kwamba zile bapa hazilii. Nayasikia haya kama ninavyosoma kipimo kwenye karatasi ya mteja. Hii ni hivi, ile ni vile. Lakini ukiniuliza ipi ni ya baba, sijui. Nilidhani nitajua mara moja. Nilikaa jikoni kwenye kile kistuli, nikapiga, nikangoja. Hakuna kilichokuja. Mama mpimaji wa dukani ananiambia nimepungua. Nimepima uzito, ni kweli.

Wewe ndiye mwenye masikio. Kwa hiyo nimerekodi. Upande wa kwanza wa kaseti hii nimepiga ule wimbo mliokuwa mkifungia dansi, wa kuwarudisha watu makwao, mara tatu: kwanza bapa, kisha za duara, kisha zilizosuguliwa. Sikuongea kati yake. Sikiliza uniambie. Nitafunga utakazosema na sitauliza tena.

Mwanao.


14 Julai

Bi Lenzi,

Marahaba. Goti la mama yako mdogo limekubali mazungumzo. Mtangazaji amenyamaza, nadhani ana homa, au aibu, ingawa aibu sijawahi kumwona nayo. Posta nimeishughulikia, imejibu kwa kuchelewesha nakala yangu ya gazeti.

Kaseti nimeipata na nimeisikiliza, nikairudia, nikairudia tena mpaka mama yako mdogo akaja kusimama mlangoni na mwiko. Umeipiga vizuri. Umeanza kwa woga, lakini woga unatoka kwenye kipande cha pili.

Nikupe hukumu, na nianze na waliokosa.

Zile za duara: zinang'aa, ndiyo, kama bati jipya linavyong'aa, na ni nani alimtuma mtu aje kulala chini ya bati jipya? Kila noti inataka kuonwa. Pale mkono unaposhuka kutoka juu ya shingo kuja mwanzo, nimesikia kidole chako kikilia kwenye uzi wa tano. Ridhimu si mahali pa kuonwa. Mpiga ridhimu mzuri ni yule ambaye watu wanacheza wasijue ni nani anayewachezesha. Toa.

Zilizosuguliwa: ungekuwa unapiga na bendi nyingine ningesema ndiyo. Zina adabu. Lakini zinakawia kunyamaza. Sauti inaendelea baada ya mkono kumaliza, kama mgeni aliyeaga kisha akakumbuka hadithi akiwa mlangoni. Baba yako alikuwa hapigi sauti tu, alikuwa anapiga na kunyamaza kwake. Mkono wa kushoto unaachia kidogo na kimya kinaingia palepale, kwenye mdundo. Toa.

Bapa. Mwanangu, ni hizo. Zikiwa mpya bado zina ukali kidogo juu, usiogope, zitatulia kabla ya mwezi wa tisa, wewe piga tu kila siku. Uzi wa sita unatoka ndani ya mbao. Na ile mikao minne ya mwisho ya vidole shingoni, pale wimbo unapowaaga watu, inasikika kama ilivyosikika kwake: kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Hafungi kwa nguvu, na haachi wazi. Anakishika kitasa mpaka mwisho.

Ndiyo hiyo. Nyuzi bapa, nene, na wa tatu umezungushiwa waya. Funga, na usibishane na mimi.

Baba yako mdogo.


Nyumbani, 9 Agosti

Baba mdogo, shikamoo.

Tupo. Mama hajambo. Paa la ukumbi limekwisha kutengenezwa, Meja anasema sasa wanapaka rangi, na jamaa wa kinanda ameshaulizwa kama ana nafasi, kwa tahadhari.

Nimefunga nyuzi bapa, mmoja mmoja safari hii. Nimeanza kuota sugu vidoleni.

Kuna jambo nataka kukuambia, na nimeanza barua mbili nikazichana.

Kazini, siku mpimaji akiwa hayupo, nawapima mimi. Wapo wanaokuja, madereva hasa, ambao wameikariri ile safu ya herufi ubaoni. Wanajifunza kwa mwenzao aliyetoka kabla yao. Unamfunika jicho, unamwambia soma, anasoma yote bila kukosea, tena haraka. Najua kuwa haoni kwa sababu nimeshageuza ubao na yeye bado anasoma herufi za ule wa kwanza. Siwaambii kitu pale mbele ya watu. Nawaita pembeni.

Jumamosi mama alitaka kusikiliza taarifa ya habari akabonyeza kitufe kisicho chake kwenye redio. Ikaanza kulia kaseti iliyokuwa ndani. Nilikuwa jikoni. Ilikuwa ni mimi napiga ule wimbo wa kufungia dansi, kwa nyuzi bapa. Nikachungulia. Mama alikuwa na ufagio na ufagio ulikuwa umesimama. Alisimama hivyo mpaka wimbo ukaisha. Zilipoanza za duara akaendelea kufagia. Zikaja zilizosuguliwa, akafagia.

Nilinunua kaseti mbili, moja ya akiba. Niliandika lebo na kufunga bahasha siku ile tuliyokuwa na miwani ya shule nzima, mkono ulikuwa umekufa ganzi. Uliyonayo ni ile ya akiba. Haina kitu, baba mdogo. Ni mpya.

Uliandika kuwa kidole kililia kwenye uzi wa tano, pale mkono unaposhuka. Nimesikiliza. Kililia kweli, na ni palepale. Lakini ni kwenye kaseti iliyo hapa.

Nakuita pembeni.

Mwanao.


3 Septemba

Mwanangu,

Shemeji hajambo? Mama yako mdogo hajambo.

Nimechelewa kukujibu. Nilianza kukutukana, nikaona sina sababu.

Ni sikio la kushoto kwanza, mwaka juzi, kisha la kulia likafuata kama lilikuwa limesubiri zamu. Mtu akinikabili na kusema polepole napata maneno mawili matatu. Zaidi ya hapo ni kama watu wanaongea ndani ya godoro. Muziki sipati. Mhariri hajui. Ukirudi nyuma kwenye safu zangu utaona sijaandika juu ya wimbo mpya hata mmoja tangu wakati huo, naandika ugomvi tu. Ugomvi unasomwa, hausikilizwi. Hakuna aliyegundua. Wengine wamesema nimeimarika.

Mazishini nisingeweza. Watu wangesimama mmoja mmoja kumsema kaka yangu, na mimi ningekaa kwenye kile kiti cha mbele, naitikia kwa kichwa mahali pasipofaa, nacheka wakilia. Nikaona bora waseme sikuja.

Baba yako alijua. Safari ya mwisho alipokuja kwetu alinipigia ule wimbo, akaniona usoni.  Alikigeuza kiti, akaligeuza gitaa, akauchukua mkono wangu akauweka mgongoni mwa gitaa kama mtu anayempa mwenzake mtoto ashike. Akaanza upya. Ile ya mlango na kitasa niliisikia kwa kiganja. Sikuitunga kwa ajili ya kaseti yako.

Na juu ya kaseti hiyo: niliiweka kwenye redio, nikaweka mkono juu ya spika kama ninavyofanya. Nikaona magurudumu yanazunguka na mkononi hakuna kitu. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Hakuna kitu. Nikafikiri basi, na mtikisiko nao umeniishia. Wiki nzima sikula vizuri, nikakaa nikakuandikia ile hukumu kwa kukumbuka mikono ya baba yako na mikono yako iliyofundishwa naye. Kumbe ni wewe na lebo zako! Sijui nikuchape au nikushukuru.

Usiniandikie pole, nitaichana. Kalia kile kiti. Halafu uniandikie gitaa lilisikikaje. Andika vizuri, kwa sababu sina njia nyingine.

Baba yako mdogo.


Nyumbani, 24 Septemba

Baba mdogo, shikamoo.

Nilikalia.

Ukumbi unanuka rangi. Wamebadilisha taa, zimekuwa kali, na sakafu imepigwa nta mpaka wazee wawili wakateleza kabla ya wimbo wa kwanza. Mpiga ngoma aliondoa koti lake kwenye kiti akalikunja vizuri, akaniambia, "Samahani, lilikuwa linakupashia kiti moto." Mama alikuja. Alikaa karibu na mlango na mkoba mapajani, kama mtu aliye kliniki.

Ulisema niandike vizuri. Mimi si mwandishi, nitaandika kama ninavyosaga.

Nyuzi zilikuwa zimetulia. Ule ukali wa juu uliousema umekwisha. Nyimbo za kwanza sikusikia kitu isipokuwa kwamba niko sawa na besi. Uzi wa sita ulikuwa unanijia tumboni kabla ya kunijia sikioni. Meja aligeuka mara moja tu akanitazama, kisha hakugeuka tena, na mpiga ngoma akaninong'oneza kwamba asipogeuka ndiyo amekubali. Watu walicheza. Hakuna aliyeniangalia. Nilikumbuka ulivyoandika juu ya mpiga ridhimu mzuri, nikaona basi iko sawa.

Tukafika kwenye wimbo wa kufungia. Ile mikao minne ya mwisho tarumbeta inanyamaza, ngoma inanyamaza, inabaki ridhimu peke yake. Nilisahau kuwa inabaki peke yake. Nilipiga wa kwanza nikaachia. Kimya kikaingia palepale. Wa pili. Wa tatu. Kwenye wa nne, baba mdogo, nilisikia mlango. Ulikuwa ni wa chumba changu, wa utotoni, na mkono uliokishika kitasa ulikuwa wake. Ukafunga.

Mama alikuwa amesimama. Sikuona uso wake kwa sababu ya zile taa. Wangu ulilowesha nyuzi, na Meja akaja akasema, "Futa, zitaota kutu," akanipa leso yake. Nilifuta gitaa kwanza.

Leo vidole vinauma. Nimeshindwa kushika lenzi asubuhi nzima, mwenye duka amenirudisha nyumbani. Mama yupo chumba cha mbele. Amekaa.

Likizo yangu ni Desemba. Nitakuja na gitaa, nimeshamwambia mama, naye anakuja. Niandalie kiti kisicho na mikono na uniachie kukigeuza. Nitapiga wimbo wote, wewe utaweka kiganja mgongoni. Pale usipopata kitu usiitikie kwa kichwa. Sema, nitaanza upya.

Mwanao.